Amri ya Hakimu na Amri ya Mkuu: Mipaka ya Uhuru Rufiji na Kibiti

Tarehe 4 Agosti 1905, pale Mohoro, kusini mwa mto Rufiji, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yalikuwa yamekwisha kuwatia watu ujasiri wa kung'oa pamba ya serikali. Mohoro ndiko kulikokuwa na boma. Adhabu zilizotoka bomani zilijulikana na kila mtu mpaka kwenye visiwa vya delta: kiboko, mnyororo wa shingoni, kazi ya shuruti na kitanzi. Wazo kwamba mtu aliyetiwa hatiani anaweza kurudi kwake, akalima mpunga wake na kulea wanawe huku akitimiza masharti aliyopewa na mahakama, halikuwapo. Lilifika Tanganyika baada ya miaka zaidi ya 40, katika Sheria ya Probesheni ya 1947.

Naisimulia historia ya masharti hayo kutokea Rufiji na Kibiti kwa makusudi. Kwa zaidi ya karne moja watu wa huku wamepangiwa wapi wakae, lini watembee na lini warudi, na mara nyingi aliyewapangia hakuwa hakimu. Ukisoma sheria ya probesheni peke yake utaona historia fupi ya kiofisi, yenye mafaili machache. Ukiisoma pamoja na yaliyoupata ukanda huu, unakutana na jambo zito: mkosaji aliyekwisha kutiwa hatiani amewekewa na sheria kinga ambazo jirani yake asiye na kosa lolote amezikosa.

Waingereza walianza na amri za wakubwa kabla ya kufikiria masharti ya mahakama. Mwaka 1921, hata kabla utawala wao haujazoeleka, walitunga Sheria ya Kuhamisha Watu. Gavana akiridhika, kwa ushahidi wa kiapo alioletewa mezani, kwamba mtu fulani ni hatari kwa amani, aliweza kuamuru atolewe sehemu moja ya nchi na kupelekwa nyingine. Mtu huyo hakuwa na kesi wala rufaa. Mwaka 1926 Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ikawapa machifu na wawakilishi wao uwezo wa kutoa amri juu ya maisha ya kila siku ya watu wao. Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika walioitwa wasiofaa. Hiyo ya mwisho iliwagusa Warufiji moja kwa moja. Tangu zamani vijana wa Rufiji walikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi za bandarini, za ujenzi na za majumbani. Walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wageni mjini. Asiyekuwa na kazi ya kueleweka alikamatwa na kurudishwa kwao, na akirejea mjini alikuwa amejipatia kosa. Kwa kijana wa namna hiyo Rufiji, mahali alipozaliwa na alipozikwa babu yake, palifanywa kuwa mahali pa adhabu.

Ndipo ikaja 1947. Sheria ya probesheni ilimpa hakimu njia ya tatu, mbali na gereza na faini. Badala ya kutoa adhabu, hakimu aliweza kuamuru mkosaji akae chini ya uangalizi wa afisa kwa muda usiozidi miaka mitatu. Aliweza kuweka masharti, likiwamo la mahali pa kuishi, kadiri alivyoona yanahitajika ili mtu asirudie kosa. Mtu akivunja masharti, aliitwa tena mahakamani na kuadhibiwa kwa kosa lake la awali. Watu wa mitaani baadaye waliliita jambo hili na mengine yanayofanana nalo kifungo cha nje.

Kuna sehemu ya sheria hiyo ambayo naiona bora kuliko zote, nayo hutajwa kwa nadra. Kabla ya kutoa amri, hakimu ni lazima amweleze mkosaji kwa lugha ya kawaida maana ya amri hiyo na kitakachompata akiivunja. Kisha mkosaji ni lazima aseme kwamba yuko tayari. Asipokubali, amri haitolewi. Na baada ya hapo, yeye au afisa wake anaweza kurudi mahakamani kuomba masharti yabadilishwe. Tazama uzito wake: katika koloni, ambako gavana alihamisha watu bila kuwasikiliza, sheria iliagiza kwamba mtu aliyetiwa hatiani aelezwe, aulizwe, na akubali. Sidhani kama waliotunga sheria hiyo waliona jinsi ilivyozihukumu sheria nyingine walizokuwa wakizitumia siku hizo hizo.

Uhuru ulipokuja 1961, Katiba haikuwa na orodha ya haki za binadamu. Viongozi wa TANU waliikataa, wakisema nchi changa yenye kazi ya kujenga taifa isifungwe mikono na majaji. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuweka watu kizuizini. Mwaka 1963 Sheria ya Adhabu za Chini ikaagiza kwamba kwa makosa fulani mfungwa achapwe viboko 24, nusu yake siku ya kuingia gerezani na nusu siku ya kutoka. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya kuwahamishia kwenye makazi maalumu wakosaji waliozoea makosa. Hii ya 1969 ndiyo iliyokaribia zaidi somo letu, kwa sababu iliwahusu watu waliokwisha kutiwa hatiani. Lakini iliwafuata hata baada ya kumaliza adhabu zao.

Mwaka huo huo wa 1969, Warufiji walikuwa wakihamishwa kwa sababu nyingine. Mafuriko makubwa ya 1968 yaliharibu mashamba na nyumba bondeni, na serikali ikaamua kwamba watu waondoke kwenye uwanda wa mafuriko na kukaa katika vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Hiyo ndiyo Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuhamisha watu nchini, kabla ya zile kubwa za katikati ya miaka ya 1970. Serikali ilikuwa na hoja zake: chakula cha msaada, shule, zahanati, maji. Lakini mkulima wa Rufiji hakuishi bondeni kwa ujinga. Mafuriko ndiyo yaliyoleta udongo, na udongo ndio uliotoa mpunga na mahindi ya baada ya maji kupungua. Wakulima wengi waliendelea kushuka bondeni wakati wa msimu na kukaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakilinda mimea dhidi ya ngedere, nguruwe na viboko wa mtoni. Amri ya kuhama haikupitia mahakama yoyote, wala hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari.

Mwaka 1983 sheria ya nguvukazi ikarudisha ile ya 1944 kwa sura mpya. Maelfu walikamatwa Dar es Salaam wakiitwa wazururaji na kupelekwa vijijini na kwenye mashamba.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa Sheria Namba 15 ya 1984, iliyoingiza haki za msingi katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Serikali iliomba muda wa kujiandaa, na haki hizo zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Ibara tatu zinatuhusu hapa. Ya 15 inasema mtu hawezi kufungwa, kuwekwa kizuizini, kuhamishwa kwa nguvu au kunyimwa uhuru wake vinginevyo isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, au katika kutekeleza hukumu au amri ya mahakama. Ya 17 inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini, na inaruhusu uhuru huo kupunguzwa kwa sababu zilizotajwa, mojawapo ikiwa kutekeleza hukumu au amri ya mahakama. Ya 13 inaagiza kwamba heshima ya mtu itunzwe hata wakati adhabu yake inatekelezwa, na kwamba asipewe adhabu za kutweza.

Kwa hiyo Katiba haikusema kwamba aliyetiwa hatiani amepoteza haki zake. Ilisema zinaweza kupunguzwa na mahakama, ikatoa sababu, na ikaacha heshima yake mahali ambapo hakimu hawezi kuigusa.

Kesi hazikuchelewa. Mwaka huo huo wa 1988, katika shauri la Chumchua Marwa, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitamka kwamba ile sheria ya kuhamisha watu ya 1921 inakwenda kinyume na Katiba. Ilikuwa imeishi miaka 67, chini ya magavana na kisha chini ya marais. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema haki za mtu mmoja na haki za jamii ni lazima zipimwe pamoja. Na mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, mahakama hiyo ikaweka kipimo ambacho mawakili wanakitaja mpaka leo: sheria inayopunguza haki ya msingi isiwe ya kumwachia mtu afanye apendavyo, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isichukue zaidi ya kile kinachohitajika kufikia lengo lake. Mashauri hayo hayakuhusu probesheni. Lakini sharti lolote la probesheni linaweza kuwekwa juu ya kipimo hicho, na Kibiti ni mahali pazuri pa kukijaribu.

Mji wa Kibiti uko kando ya barabara ya kwenda Kilwa. Sehemu kubwa ya delta ya wilaya yake iko mbali na lami: Salale, Msala, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi. Huko safari hupangwa na maji. Bamvua likija, mifereji hujaa na vyombo hupita. Maji yakipwa, mashua hukaa juu ya tope mpaka yarudi. Tuseme mkazi wa Kiongoroni ametiwa hatiani kwa kukata mikoko bila kibali, na hakimu amempa mwaka mmoja wa uangalizi, aripoti kwa afisa mjini kila Jumatatu asubuhi. Kwa mtu anayeishi Kibiti mjini hilo ni jambo la kutembea dakika chache. Kwa huyu wa Kiongoroni ni nauli ya boti mpaka Nyamisati, nauli ya gari kutoka hapo, mahali pa kulala, na siku mbili au tatu za kazi zilizopotea, wiki baada ya wiki. Asipofika kwa sababu ya maji mafu au pepo za kusi, amevunja amri. Maneno ya sharti ni yale yale kwenye karatasi, lakini mmoja amepewa uangalizi na mwingine amepewa ufukara na gereza linalomngoja mbele.

Au tuseme hakimu anataka kuilinda mikoko, jambo ambalo nami nataka lilindwe. Karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara iko katika delta hii, nayo imekuwa hifadhi ya serikali tangu siku za Wajerumani. Sharti linaloonekana la akili ni kumkataza mkosaji asiingie kwenye hifadhi kwa mwaka mzima. Tatizo ni kwamba vijiji vyenyewe vimezungukwa na hifadhi. Mashamba ya mpunga yamo ndani yake, njia ya kwenda kisimani, msikitini na kwa mkunga inapita humo au kwenye mifereji yake. Sharti hilo lingekuwa amri ya kuhamishwa, ile ile iliyotamkwa batili mwaka 1988, isipokuwa safari hii imetoka kwenye kalamu ya hakimu. Kumkataza asikae na shoka au msumeno msituni, au asibebe magogo kwenye chombo chake, kungefikia lengo lile lile bila kumfukuza kwao.

Vivyo hivyo kwa sharti la kutotoka usiku. Uvuvi haufuati saa za ofisi. Maji yakiwa mazuri saa 8 usiku, mtu huingia saa 8 usiku. Na sharti la kutotoka kijijini linamnyima mvuvi dago, zile kambi za msimu ambako wavuvi hukaa wiki kadhaa mbali na nyumbani wakifuata samaki. Hakimu makini hulijua hili kwa kuuliza, na sheria imempa njia ya kuuliza: taarifa ya afisa probesheni juu ya maisha ya mkosaji, na kauli ya mkosaji mwenyewe kwamba amelielewa sharti na analikubali. Mahali ambapo maswali hayo yanaulizwa kwa dhati, Katiba imekwisha kufanya kazi yake kabla hajatokea wakili wa kuitaja.

Mpaka mwingine ni wa maneno. Mei 29, 2020, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani kiongozi wa ACT-Wazalendo, Zitto Kabwe, kwa maneno ya uchochezi aliyoyasema Oktoba 2018 kuhusu mauaji ya Uvinza, Kigoma. Hakufungwa. Aliachiwa kwa sharti kwamba kwa mwaka mmoja asitoe wala kuandika maneno ya uchochezi. Uchaguzi Mkuu ulikuwa miezi mitano mbele. Kanuni ya Adhabu inamruhusu hakimu kumwachia mtu kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, kwa hiyo muda ulikuwa ndani ya sheria. Lakini uchochezi ni kosa ambalo mpaka wake haujulikani mpaka mtu akamatwe. Mwizi akiambiwa asiibe anajua la kufanya. Mwanasiasa akiambiwa asichochee, hawezi kujua ni sentensi gani ya kesho itakayompeleka gerezani, na njia pekee iliyo salama ni kunyamaza. Kwa kipimo cha 1993 sharti la namna hiyo lina upungufu, kwa sababu linachukua zaidi ya linalohitajika.

Nchi nyingine zimepambana na jambo hilo hilo. Marekani, ambako mamilioni wako chini ya uangalizi wa mahakama, mahakama ya juu ya jimbo la Wisconsin mwaka 2001 ilikubali sharti la kumkataza baba asiyetunza watoto wake asizae wengine mpaka aonyeshe anaweza kuwalea. Ni uamuzi ambao mimi naona ulivuka mpaka wa utu. Juni 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwenda upande mwingine katika shauri la Packingham. Ilifuta sheria ya North Carolina iliyowazuia watu waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa ya ngono wasiingie kwenye mitandao ya kijamii, ikisema hata waliofanya makosa makubwa hawawezi kufungiwa nje ya uwanja mzima wa mazungumzo.

Mwezi huo huo wa Juni 2017, Kibiti ilikuwa gizani tangu saa 12 jioni.

Tangu 2016 makumi ya watu walikuwa wameuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa CCM, askari. Jioni ya Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa Mkengeni, wakirudi kutoka kazini. Ni vifo vya watu waliokuwa na wake, waume na watoto, na serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatafuta wauaji. Ikaanzishwa Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Kwenye vijiji visivyo na gari wala gari la wagonjwa, bodaboda ndiyo inayompeleka mjamzito zahanati. Ndiyo pia inayompa kijana wa Kibiti mlo wake.

Tuiweke amri hiyo kando ya ile ambayo hakimu angeweza kumpa mkosaji mmoja. Hakimu angepaswa kwanza kumtia mtu hatiani. Angetaja muda wa mwisho wa amri. Angeieleza kwa lugha ya kawaida na kumuuliza mtu kama anaikubali, na mlango wa kuomba ibadilishwe au kukata rufaa ungebaki wazi. Dereva wa bodaboda wa Kibiti hakuwa na hata moja kati ya hayo. Hakushtakiwa kwa lolote, hakusikilizwa, na alizuiwa kwa sababu ya mahali anapoishi na chombo anachoendesha. Hatari ilikuwa ya kweli, na Katiba inaruhusu uhuru upunguzwe kwa ajili ya usalama wa umma. Lakini inataka sheria, kinga na kiasi, na kama mkosaji aliyetiwa hatiani anastahili hayo matatu, asiye na hatia anayastahili zaidi.

Kisha kuna waliopotea. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alionekana mara ya mwisho Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufariki, kauli ambayo baadaye ilielezwa kuwa ilieleweka vibaya. Ibara ya 15 imeandikwa kwa ajili ya watu kama yeye: kwamba hakuna anayeondolewa katikati ya watu wake ila kwa utaratibu wa sheria au kwa amri ya mahakama yenye jina, tarehe na sahihi.

Watu wa delta si wageni wa mahakama. Mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipokubali mradi wa kampuni ya kigeni wa kufuga kamba kwenye eneo kubwa la delta licha ya ushauri wa Baraza la Taifa la Mazingira, wanavijiji walifungua kesi Mahakama Kuu kwa msaada wa wanasheria wa mazingira wa LEAT, wakidai ardhi yao na mikoko yao. Mradi huo haukujengwa. Walifanya hivyo kama kundi, maelfu kwa pamoja, jina la mmoja likijificha katikati ya majina ya wenzake.

Njia hiyo ilifanywa nyembamba. Mwaka 2020 Bunge liliibadilisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, na ikawa lazima anayedai haki ya Katiba aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Mwanaharakati wa Dar es Salaam hakuweza tena kwenda kwa niaba ya Kibiti. Mwenye kwenda alikuwa dereva mwenyewe, au mke wa aliyepotea, na hati ya kiapo ilitaka aandike jina lake kamili, kijiji anachoishi na mambo aliyoyaona kwa macho yake, kisha aipeleke nakala kwa wale wale anaowalalamikia.